Kokteli ya Mzee Kaunta

Kwa miaka ishirini na tisa Mzee Kaunta alisimama nyuma ya kaunta moja, katika hoteli moja, amevaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba, akiwapa watu kokteli baridi ya matunda ambayo sifa zake zilifika hadi miji ya jirani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahauliwa na kila mtu isipokuwa mkewe, naye alilitumia pale tu alipokuwa amekasirika. Siku aliyostaafu, hoteli ilimpa saa ya ukutani pamoja na picha yake mwenyewe kwenye fremu: ameinamisha jagi la blenda juu ya glasi ndefu, tabasamu limeenea uso mzima. Saa aliipeleka chumbani. Picha aliitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni asije akaingia bila kujua ameingia kwa nani.

Nyumbani hakuwahi kuitengeneza kokteli hiyo hata mara moja. Alisema mtu mwenye akili zake haleti kazi nyumbani. Mkewe, fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele, alimjibu kwamba kazi yake yeye imelala humu ndani miaka yote hiyo na bado anapumua. Mzee Kaunta aliliacha hilo lipite. Tangu astaafu, asubuhi zake zilikuwa zinaishia kwenye benchi la kinyozi wa mtaa, akieleza kwa nini wengine wamejaribu kumwiga wakashindwa. Siri, alisema, haiko kwenye matunda, maana matunda kila mtu anayo. Siri iko kwenye kifundo cha mkono. Hapo huuzungusha mkono hewani taratibu, na wateja wenye povu kidevuni hugeuza macho wamtazame. Kinyozi alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi mno, hata siku ambazo Mzee alichelewa aliisimulia mwenyewe, na mkono akauzungusha.

Mzee Kaunta alikuwa na binti mmoja, nesi wa wodi ya watoto, na binti huyo alikuwa amechumbiwa na kijana mpima ardhi. Ilipangwa kwamba wazazi wa kijana waje Jumapili mchana wafahamiane na wakwe zao. Siku ya Alhamisi binti akapiga simu. Baada ya shikamoo na habari za mgongo wa mama, alisema kwamba mama wa mchumba wake, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, aliwahi kuinywa ile kokteli hotelini kwenye mkutano wa walimu, na huu mwaka wa kumi bado anaizungumzia.

"Nimeshamwambia utamtengenezea, baba."

"Hilo tu?" alijibu Mzee Kaunta, kwa sauti ya mtu aliyeombwa afunge mlango.

Jumamosi asubuhi alirudi kutoka sokoni na maembe, mananasi na pasheni, akavaa koti lake la kazi, akafunga vifungo vyote sita, akaingia jikoni. Mkewe alisogeza kiti kidogo ili aweze kumwona kupitia mlangoni bila kuacha kushona. Blenda ilikuwa ya mkewe. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusaga vitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, na ilikuwa imeifanya kazi hiyo kwa uaminifu kwa miaka saba.

Mzee alimenya, akakatakata, akatumbukiza matunda kwenye jagi. Juu yake akamimina vipande vyote vya barafu alivyovikuta kwenye friji. Akafunga kifuniko, akaweka mkono wa kushoto mgongoni kama alivyozoea hotelini, akabonyeza. Blenda ilinguruma. Visu vilizunguka vizuri sana, ila vilikuwa vinazungukia hewani, kwa sababu barafu ilikuwa imejipanga juu yake kama paa na kukataa kushuka. Akatikisa jagi. Akaongeza maji, akabonyeza tena, mara hii hadi mkono ukafa ganzi. Alipomimina, glasi ilipokea maji ya njano chini na kokoto za barafu juu. Akampelekea mkewe. Mkewe alionja, akairudisha glasi mezani.

"Ina kitunguu saumu," alisema, kama mtu anayesoma kipimajoto.

Mzee Kaunta alieleza kwamba mashine ya hotelini ilikuwa na nguvu zaidi. Akarudi jikoni. Safari hii aliifunga barafu ndani ya taulo na kuitwanga kwa mchi, na vipande vikaruka hadi nyuma ya jiko, ambako baadaye vilitengeneza ziwa dogo. Kokteli ya pili ilikuwa na povu zuri, na kwa muda alipata matumaini. Lakini kabla hajatafuta kipande cha chungwa cha kupamba ukingo, kinywaji kilikuwa kimejigawa ghorofa tatu: maji chini, nyama ya embe katikati, povu juu, kila moja na mambo yake. Na kitunguu saumu kilikuwa kwenye ghorofa zote.

Jaribio la tatu hakulimaliza. Blenda ilitoa harufu ya waya ulioungua, swichi kubwa ukutani ikajizima, na cherehani ya umeme ikasimama katikati ya mkono wa shati la mwanafunzi wa darasa la nne.

Mkewe aliinuka, akairudisha swichi, akaja kukaa kwenye kigoda cha jikoni. Hakusema alichokuwa na haki ya kusema. Alimwomba tu amweleze kazi ya hotelini ilivyokuwa inaanza, tangu mwanzo, bila kuruka kitu.

Mzee akaanza. Saa nne asubuhi, alisema, ndoo nyeupe zilikuwa zinapitishwa kwenye dirisha dogo lililotenganisha jiko na kaunta. Ndoo ya kwanza, ya pili, na jagi la maji ya sukari. Yeye alichota kwa upawa, akaweka kwenye blenda, akabonyeza, akahesabu hadi thelathini, akamimina. Kisha kipande cha chungwa, mrija, tabasamu.

"Ndani ya ndoo kulikuwa na nini?"

"Matunda."

"Yakoje? Laini?"

Mzee Kaunta alifikiri. Hapana, hayakuwa laini. Yalikuwa magumu kama mawe na yalishikana na upawa. Siku zote alidhani ni kwa sababu jiko la hoteli lina baridi.

"Yaligandishwa," mkewe alisema. "Kwa hiyo hapakuwa na barafu. Barafu ndiyo matunda yenyewe. Nani alikuwa anayaandaa?"

"Yule wa dirishani."

"Ana jina?"

Mzee alikumbuka mikono tu. Kwa miaka kumi na tisa ya mwisho mikono ile ilikuwa imemsukumia ndoo, na angeweza kuitambua popote: mirefu, mikavu, kovu la moto juu ya kidole gumba cha kulia. Zaidi ya hapo hakuwa na habari. Dirisha lilikuwa chini, usawa wa kiuno, na ili uone uso wa mtu aliyeko upande wa pili ilikubidi uiname, na ukiinama koti linakunjamana.

Mkewe hakucheka, na kutocheka kwake ndiko kulikomuuma. Alimtazama kidogo, akarudi kwenye mkono wake wa shati.

Hapakuwa na la kufanya ila kwenda hotelini. Mzee Kaunta alipitia geti la nyuma, ambalo hakuwahi kulipita, na mlinzi wa geti hilo hakumjua hata kidogo. Akamuuliza ni fundi bomba aliyeitwa au ni yule wa gesi. Alipojitambulisha, mlinzi alisema kwa heshima kwamba siku hizi kokteli inatoka kwenye maboksi, ukikata pembe inamiminika yenyewe. Mwisho mpishi mmoja mzee aliyekuwa ameketi nje akichambua mchele ndiye aliyemwelewa. Yule dada aliacha kazi mwaka jana, alisema. Anakaa nyuma ya karakana za maseremala, uliza Mama Friza. Kisha akataja jina lake halisi, na Mzee Kaunta akalisikia kwa mara ya kwanza.

Nyumba haikuwa ngumu kuipata. Barazani kulikuwa na friza mbili kubwa zinazounguruma, na katikati yake mwanamke amekaa na beseni la maembe mapajani, akimenya bila kutazama kisu. Mzee alibisha hodi. Mwanamke akasimama kumpokea, na Mzee akajikuta anainua uso. Siku zote alimdhania mfupi, kwa sababu ya lile dirisha.

Alianza kusema yeye ni nani, ila Mama Friza alimwinulia mkono wenye kovu.

"Sauti naijua," alisema. "'Ndoo ya pili, haraka.' Sura ndiyo naiona leo. Karibu, kaka."

Akampa kiti. Mzee Kaunta alikaa, akasifia friza, akauliza habari za watoto. Halafu, kwa kuwa mazoea ni kitu kigumu, akasema alikuwa anapita tu maeneo hayo akaona aingie, na tena, kwa kuwa wamekutana, angependa kuona kama dada bado anakumbuka vile vipimo vya zamani. Mama Friza alisema anavikumbuka vizuri, asante sana. Akaendelea kumenya. Embe moja likaisha, la pili likaisha. Friza moja ilizimika, ikawaka tena.

Maji yalikuwa yamemfika Mzee shingoni. Alitoa leso, akafuta paji la uso, akasema ukweli wote kama ulivyo: wakwe, mwalimu mkuu, barafu iliyojifanya paa, ghorofa tatu. Alipofika kwenye kitunguu saumu, Mama Friza aliweka kisu chini ili asijikate, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Umeitoa ile raba ya chini?" aliuliza alipopata pumzi. "Chini ya visu kuna raba. Harufu yote imelala hapo. Itoe, iloweke kwenye maji ya ndimu hadi asubuhi."

Halafu akamfundisha. Hakumpa matunda yaliyokwisha kuandaliwa, ingawa friza zilijaa hadi mdomoni. Alimpa kisu. Kwa saa mbili, bila koti lake, Mzee Kaunta alikata embe na nanasi vipande vya ukubwa wa kidole gumba, akavipanga kwenye trei bila kugusana, kwa sababu vikigusana vinagandiana na kuwa jiwe moja ambalo hakuna blenda itakayolivunja. Alijifunza kwamba embe liive hadi likaribie kuchoka, lakini nanasi lisifike huko. Alijifunza kuweka ndizi moja mbivu kati ya embe tatu, ambayo hakuna atakayeijua kwa ladha ila kinywaji kitateleza kwa sababu yake. Pasheni isigandishwe, ikamuliwe na kuchujwa, nayo ndiyo itangulie kwenye jagi pamoja na ndimu na maji ya sukari, ili visu vipate pa kuanzia. Na chumvi, alisema Mama Friza, ile inayoshikika kwa ncha za vidole viwili.

"Chumvi?" Mzee aliuliza.

"Miaka kumi na tisa umeitia kwenye glasi za watu."

Kuhusu kifundo cha mkono, Mzee aliuliza kwa uangalifu, kama kinasaidia lolote. Mama Friza alifikiri kwa haki kabisa, akasema hakizuii.

Alipoinuka kuaga, aliuliza afanye nini kumshukuru. Alitegemea kuambiwa hakuna haja. Mama Friza alikuwa na jibu tayari.

"Kesho wakikusifu, waambie nani alikuwa anatengeneza."

"Niwaambieje?"

"Ukweli. Kwamba mimi nilikuwa natengeneza, wewe unabonyeza."

Mzee Kaunta akakubali. Njiani kurudi, trei mikononi, alijaribu kuyatamka maneno hayo polepole, na kila alipofika kwenye "unabonyeza" ulimi ulimkwama.

Jumapili wageni walifika saa nane kamili, kwa kuwa mwalimu mkuu hakujua kufika vinginevyo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba na sauti ya kufika madawati ya nyuma. Mumewe, dereva wa lori, alisalimia kila mtu kwa mikono miwili, akachagua kiti cha pembeni, na tangu hapo hakusema kitu. Kijana na binti walikaa kwenye kochi wameachiana nafasi ya kutosha mtu wa tatu. Mwalimu mkuu aliitazama picha ya ukutani, akasema ndiye, ndiye kabisa, hata tabasamu ni lile lile.

Mzee Kaunta alifanya kazi jikoni mlango ukiwa wazi, kwa blenda ile ile, ambayo ilikuwa imepoa ikapona, na raba yake ililala kwenye maji ya ndimu. Pasheni, ndimu, sukari na chumvi vilitangulia. Kisha matunda yaliyoganda usiku kucha, yakigonga jagi kwa mlio mkavu kama kete. Alibonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, akasimamisha, akashusha kwa mwiko yaliyopanda ukutani, akabonyeza tena kwa muda mfupi tu, maana visu vikizunguka sana vinapata joto na kuyeyusha kila kitu. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha rangi ya jua la asubuhi, na kilishuka kwenye glasi kwa uvivu kama asali. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mzee alionja kabla ya kuwapa watu. Alisimama pale na kijiko mdomoni. Hakuwa anajua kwamba ni tamu kiasi kile.

Sebuleni palikuwa kimya glasi zilipoinuliwa. Mwalimu mkuu alifumba macho.

"Ndiyo hii," alisema. "Miaka kumi, na ndiyo hii hii."

Dereva wa lori alimaliza yake bila kupumzika, akaangalia ndani ya glasi kama mtu aliyedondosha kitu humo. Ndipo sifa zikaanza. Mwalimu mkuu alisema kipaji kama hiki kingefaa kufundishwa shuleni. Mzee Kaunta alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anamtazama yeye. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Nina jambo la kusema," alisema. "Kokteli hii siyo yangu. Hotelini kulikuwa na mama nyuma ya dirisha, yeye ndiye alikuwa anatengeneza kila kitu. Mimi nilikuwa nabonyeza."

Aliketi. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kitambaa chake.

"Nimefundisha miaka thelathini," alisema. "Sijawahi kumsikia mtu mwenye sifa kubwa hivi akijishusha namna hii." Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Hawa ndio watu wa kuoa kwao."

Mzee Kaunta aliharakisha kusema kwamba hajishushi, anaeleza tu mambo yalivyokuwa. Hata kwamba matunda yanagandishwa hakujua mpaka jana. Kijana mpima ardhi akacheka kwa adabu, akamuuliza mchumba wake kwa sauti ya chini kwa nini hakuwahi kumwambia kwamba baba ana utani. Mzee akaona ameshindwa kueleweka kwa sababu hakutoa mfano, akawasimulia habari ya kitunguu saumu, na hapo dereva wa lori, ambaye hakuna aliyetegemea kusikia sauti yake siku hiyo, alicheka hadi kiti kikagongana na ukuta.

"Ni kweli tupu," mkewe alisema. "Mimi ndiye niliyeionja."

"Na mke wa kumwitikia namna hiyo," alisema mwalimu mkuu. "Wangapi wanabahatika?"

Walipoondoka, jioni ikianza kuingia, mambo yote yalikuwa yameamuliwa. Harusi ingekuwa baada ya miezi miwili, wageni mia na hamsini, na kinywaji cha kupokelea wageni kingekuwa kokteli ya Mzee Kaunta. Kila mtu alikubaliana na hilo isipokuwa Mzee Kaunta, ambaye hakuulizwa.

Jumatatu alikwenda kutoa taarifa. Mama Friza alikuwa anapanga mifuko ya matunda kwenye friza, na aliuliza bila kugeuka kama alisema.

"Nilisema mara tatu."

"Wakasemaje?"

"Wamenipenda zaidi."

Mama Friza alifunga friza, akaegemea kifuniko. Mzee alimweleza yote, hadi miwani na kiti kilichogonga ukuta. Alieleza na habari ya harusi, akasema amekuja pia kwa hilo, kwamba yeye hawezi na hataki, na anamwomba dada aifanye kazi hiyo yeye, mbele za watu, ili waone kwa macho yao. Mama Friza alipitisha kiganja juu ya kifuniko cha friza. Miaka yote hiyo, alisema, hakuwahi kuona mtu akiinywa. Alikuwa anaona ndoo zinakwenda zimejaa na kurudi tupu, basi.

"Nitasimama mbele," alisema. "Wewe utamenya."

Siku ya harusi, ukumbini, kaunta iliwekwa karibu na mlango wa kuingilia, na nyuma yake likafungwa pazia zito la kijani. Mbele ya pazia alisimama Mama Friza na blenda tatu za kuazima, amevaa koti jeupe la Mzee Kaunta. Mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko, ila vifungo vya shaba vilikuwa vimesuguliwa hadi vikang'aa, na mkewe Mzee ndiye aliyevisugua. Nyuma ya pazia, juu ya kreti lililopinduliwa, alikaa baba wa bibi harusi amevaa suti mpya na aproni ya plastiki, akimenya. Alikuwa amekwishatekeleza ya ubaba wake asubuhi. Mkewe aliketi kando yake na beseni la maembe, amelikunja gauni la sherehe juu ya magoti.

Alisikia kila kitu. Alisikia blenda zikinguruma na kutulia, glasi zikiwekwa mezani, watu wakinyamaza kidogo kama wale wa sebuleni kwake. Alimsikia Mama Friza akiwauliza wageni, mmoja mmoja, kama imekolea, kama sukari inatosha, na kwenye sauti yake kulikuwa na kitu ambacho Mzee alikifahamu, kwa sababu na yeye aliwahi kuwa nacho. Moyo ulikuwa umeanza kumtulia aliposikia sauti mbili za wanawake zilizosimama karibu kabisa na pazia.

"Nasikia huyu mama amefundishwa na Mzee Kaunta mwenyewe."

"Inaonekana. Hata jagi analishika kama yeye."

Mzee aliinuka. Mkewe alimwambia akae, na kwa kuwa hakukaa, alimwita kwa jina lake la kuzaliwa. Hata hilo halikumzuia. Alitokeza mbele ya pazia na kisu mkononi, juisi ya nanasi ikimtiririka hadi kwenye kiwiko cha suti, akawatangazia wageni waliokuwa kwenye foleni kwamba wamepindua mambo. Mama huyu hakufundishwa na mtu. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi, alisema, tena juzijuzi tu.

Ukumbi ulimpigia makofi. Mwalimu mkuu, aliyekuwa meza ya mbele, alisimama kabisa. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba ndio maana Mungu humpa mtu kama huyo kipaji, na mwingine akaomba picha, akamweka Mzee katikati na kumwomba mama wa kokteli asogee kidogo pembeni asizibe mwanga.

Mzee alirudi nyuma ya pazia, akakaa kwenye kreti. Baada ya muda pazia likafunguka kidogo na uso wa Mama Friza ukachungulia kutoka juu. Hakuwa amekasirika. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Kaka, usitoke tena. Kila ukitoka unanipunguza."

Hakutoka tena. Alimenya hadi ngozi ya vidole ikawasha kwa nanasi, na wageni waliporudi kwa glasi ya pili na ya tatu, walimkuta Mama Friza peke yake, wakaanza kumuuliza maswali yeye: anatia nini, anaishi wapi, anapatikana siku gani. Wengine bado walimuuliza kama Mzee anaruhusu. Aliwajibu kwamba Mzee ana kazi nyingi.

Baada ya harusi maombi yalianza kuja nyumbani kwa Mzee Kaunta, ya kipaimara, ya mahafali, ya mkutano wa madereva wa lori. Kila aliyekuja alielekezwa nyuma ya karakana za maseremala. Baadhi walikwenda, wakarudi kwa Mama Friza mara nyingi bila kupita kwa Mzee tena. Baadhi waliudhika, wakaambizana kwamba umaarufu umempanda kichwani, siku hizi anawatuma watu kwa wasaidizi. Kwa kinyozi Mzee haendi tena kila siku, maana Jumanne na Ijumaa anakuwa barazani kati ya friza mbili, na beseni mapajani. Kazi yenyewe ni ya kimya. Mama Friza si mtu wa kusifu, na kwa wiki tano hakusema lolote kuhusu kazi ya Mzee, ila alirudisha trei mbili alizoona zina kasoro.

Ijumaa ya wiki ya sita Mama Friza alipita nyuma yake, akaiangalia trei, akasema vipande sasa vimelingana. Kisha akaenda zake.

Mzee Kaunta alirudi nyumbani akiwa mwepesi wa miguu. Alimweleza mkewe habari hiyo kabla hajavua viatu, na wakati wa kula akamweleza tena.